Stika ya Mtumbwi, Vinili ya Fulana

Krr. Krr. Krr.

Nilisikia mlio huo kabla jogoo hajawika. Ulikuwa mdogo, kama panya anayeguguna mlango. Niliamka, nikafungua pazia la chumba changu.

Mjukuu wangu Selina alikuwa amekaa sakafuni sebuleni. Mbele yake palikuwa na kipande cha kioo. Juu ya kioo palikuwa na stika ya bluu. Alikuwa anaikata kwa wembe, herufi moja baada ya nyingine.

"Shikamoo, bibi," alisema. "Nimekuamsha?"

"Marahaba. Mbona alfajiri yote hii?"

"Nataka fulana za bibi Modesta ziishe leo. Nimetumia wembe ili usisikie. Mkasi una kelele."

Ndivyo alivyo Selina. Anafanya kazi, na bado anakumbuka kuna mzee amelala.

Tunaishi Kirumba, karibu na soko la samaki la Mwaloni. Mwanangu Machibya, baba yake Selina, anaandika namba na majina kwenye mitumbwi. Zamani alitumia rangi na brashi. Siku hizi anatumia stika. Anainunua ikiwa imeviringishwa kama mkeka, anaikata, anaibandika. Selina amejifunza kwa kumwangalia. Mkono wake umetulia kuliko wa baba yake. Machibya mwenyewe huwaambia wateja hivyo, ila si mbele ya Selina.

Kazi ya fulana ilitoka kwa rafiki yangu Modesta. Mume wake, Mwalimu Mayala, alifundisha shule ya msingi miaka mingi. Alifariki mwaka jana, akazikwa nyumbani kwao Magu. Jumamosi ya wiki hiyo padri angebariki msalaba wa kaburi lake. Siku kama hiyo, ukoo huvaa sare. Modesta alinunua fulana nyeupe za pamba kumi na nane, za watoto wake na wajukuu. Alitaka kila fulana iwe na neno moja kifuani: MAYALA.

"Wajukuu wadogo hawamkumbuki vizuri," aliniambia. "Nataka walibebe jina lake."

Hiyo ilikuwa kazi ya kwanza ya Selina mwenyewe. Mpaka siku hiyo alikuwa anasaidia tu.

Machibya alimpa stika iliyobaki kwenye kazi ya mitumbwi.

"Chukua hii," alisema. "Nimeibandika kwenye mtumbwi, iko ziwani mwaka wa tatu sasa. Kama ziwa limeshindwa kuitoa, beseni litaweza?"

Tulicheka wote. Na mimi nilicheka. Niliona amesema kweli.

Selina alibandika herufi, akazipitishia pasi kidogo ili zishike. Jioni ya Jumatatu tulipeleka fulana kwa Modesta. Alipitisha kidole juu ya jina la mume wake. Kisha akasema asante mara tatu.

*

Jumanne asubuhi Modesta alikuja kwetu. Hakupita mlango wa mbele. Alizungukia uani, kule kwenye jiko, akapiga hodi kwa sauti ya chini, akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mama Machibya."

"Mwangaluka. Kwema?"

Alitoa fulana mbichi chini ya kanga yake. Kisha akafungua leso. Ndani ya leso mlikuwa na herufi za bluu, zimejikunja kama majani makavu.

Selina alikuwa anaosha vyombo. Aliacha sahani ikaanguka ndani ya maji.

"Mimi nguo mpya huwa naifua kwanza, kabla mtoto hajaivaa," Modesta alisema. "Ndivyo tulivyolelewa. Nimeiloweka, nimeifikicha kidogo tu. Nikaona herufi zinaelea."

Tuliitazama ile fulana. Ilikuwa imebaki M ya mwanzo na A ya mwisho. Katikati palikuwa patupu.

"Nimeziokota zote," Modesta alisema. "Sikutaka kulimwaga jina lake pamoja na maji machafu."

Machibya alitoka ndani, akaishika fulana, akaigeuza.

"Labda sabuni ni kali," alisema.

"Ni sabuni ya mche, baba. Ile ile ya kila siku."

Machozi yalimlengalenga Selina. "Nisamehe, bibi."

"Sijaja kugomba," Modesta alimwambia. "Ningetaka kugomba ningepita mlango wa mbele, Kirumba yote isikie." Akatabasamu kidogo. Kisha tabasamu likaondoka. "Nakuomba kitu kimoja tu, mwanangu. Jumamosi nataka watoto wasimame mbele ya kaburi wakiwa na jina zima. Kama haiwezekani, niambie mapema. Watavaa nyeupe tupu. Nyeupe tupu ni bora kuliko jina la babu yao likidondoka herufi mbele ya watu."

Selina alijifuta mikono kwenye gauni.

"Nipe mpaka kesho jioni, bibi. Kesho nitakwambia ukweli."

Modesta aliondoka kwa njia ile ile ya uani. Mpaka leo nakumbuka jambo hilo. Alikuwa na uchungu, lakini alimsitiri mtoto wa mwenzake.

Mchana ule nilikumbuka fulana za kwaya yetu. Zina maandishi meupe kifuani. Tumezifua miaka miwili, na hakuna hata nukta iliyobanduka. Nikampigia simu mwalimu wa kwaya.

"Zile alizitengeneza Wilhelmina," aliniambia. "Yule fundi Mhaya, yuko Nyakato. Muulizeni. Hana choyo na kazi yake."

*

Jumatano asubuhi tulikwenda Nyakato, mimi, Selina na Machibya. Machibya alisema anatusindikiza tu.

Wilhelmina alikuwa na chumba kimoja karibu na viwanda. Ndani palikuwa na cherehani, meza ngumu ya mbao na pasi ya umeme. Aliniona ninavyoburuta mguu. Kabla hata hatujamaliza kusalimiana, alikuwa amenipa kiti chake. Yeye akageuza ndoo, akaikalia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Selina alimweleza kila kitu. Hakuficha. Hakusema "baba aliniambia." Alisema, "Nilitumia stika, ikatoka kwenye maji."

Wilhelmina hakucheka. Alizichukua zile herufi kwenye leso, akaziangalia moja moja.

"Umekata vizuri sana," alisema. "Nani alikufundisha?"

"Baba."

"Basi shida si mkono. Shida ni kitu ulichokikata."

Machibya alikohoa. "Hiyo stika ni imara, mama. Iko ziwani mwaka wa tatu."

"Nakubali. Mtumbwi umepakwa rangi?"

"Ndiyo."

"Umelainishwa?"

"Napiga msasa kwanza."

"Unakunjwa?"

"Mtumbwi? Hapana."

"Unakamuliwa?"

Selina aliziba mdomo asicheke. Machibya alimtazama binti yake, akamtazama Wilhelmina.

"Mtumbwi utakamuliwaje?" alisema.

"Fulana inakunjwa, inafikichwa, inakamuliwa," Wilhelmina alisema. "Tena fulana ni nyuzi. Gundi ya stika inakaa juu ya nyuzi, haiingii ndani. Kwenye ubao laini inashika. Kwenye nguo inadanganya siku moja, mbili. Ikikutana na beseni, inaachia."

"Nyie Wahaya mnapenda kufundisha," Machibya alisema.

"Na nyie Wasukuma mnapenda kubisha. Sogea uone."

Machibya alicheka, akasogea.

Wilhelmina aliweka mezani vipande viwili vyekundu. "Kimoja ni stika," alisema. "Kingine ni vinili ya nguo, ile inayoshika kwa pasi. Mama, kipi ni kipi?"

Nilivitazama. Vilikuwa kama mapacha.

"Macho yangu yamezeeka," nilisema.

"Hapana, mama. Hata macho ya kijana hayawezi. Rangi ni moja, unene karibu mmoja. Ndiyo maana tunavigeuza."

Alikigeuza cha kwanza. Nyuma yake kulikuwa na karatasi nyeupe yenye mistari ya miraba.

"Stika hukaa juu ya karatasi," alisema. "Hii ya pili haina karatasi. Ina nailoni angavu upande wa mbele, ule unaong'aa. Unaiona rangi kupitia nailoni. Upande wa pili umefifia, haung'ai. Huo uliofifia ndio unaolala kwenye nguo."

Kisha alibandua pembe ya kila kipande.

"Selina, gusa rangi yenyewe kwa chini. Hii ya kwanza?"

"Inanata."

"Ni stika. Na hii?"

Selina aliigusa, akaigusa tena. "Haina kitu. Ni kavu."

"Ni ya nguo. Gundi yake ipo, lakini imelala. Inaamshwa na moto wa pasi. Ikiyeyuka inaingia kwenye nyuzi, na ikipoa inazishika."

"Kumbe," Machibya alisema polepole.

"Lakini kuna mtego," Wilhelmina aliendelea. "Ile nailoni ya juu, wakati mwingine nayo inanata kidogo, ili herufi zisipotee. Mtu anagusa nailoni, anasema hii ni stika, anaiacha. Usiguse nailoni. Itenganishe, gusa tumbo la rangi."

"Na kama bado nina wasiwasi?" Selina aliuliza.

"Kata kipande kidogo kama ukucha. Kibandike kwa pasi kwenye tambara. Kikishika na kuvumilia kuvutwa, ni chenyewe. Kikijikunja au kikinyanyuka, si chenyewe. Usiamini rangi. Usimwamini muuzaji, hata akiwa mtu mwema. Anaweza kuwa hajui."

Alimpa Selina kipande cha vinili, tambara jeupe na kisu kidogo chenye ncha kali.

"Andika jina upande uliofifia. Kata rangi tu, usiipasue nailoni."

Selina aliandika MAYALA kama anavyoandika siku zote. Nilimwona Wilhelmina akitazama, akataka kusema neno, akalimeza. Selina alikata, akatoa mabaki kwa pini. Wilhelmina akapiga pasi, wakasubiri ipoe, wakabandua nailoni.

Machibya alikuwa wa kwanza kucheka. Jina lilianzia mwisho, na L ilikuwa imegeukia upande mwingine. Lilisomeka ALAYAM.

"Huyu sasa ni mwalimu wa nchi gani?" Machibya aliuliza.

Selina alijifunika uso. Wilhelmina akamshika bega.

"Nimekuacha ukosee kwenye tambara," alisema. "Kosa la tambara halimlizi mtu. Umeona sababu?"

Selina alifikiri. "Nimeandika kwa nyuma. Halafu tukaigeuza."

"Ndiyo. Ni kama muhuri wa ofisi. Kwenye mpira wake maandishi yako kinyume, kwenye karatasi yanatoka sawa. Kwa hiyo kwenye vinili ya nguo unaandika kinyume. Kwenye stika unaandika kawaida, kwa sababu unaibandika kama ulivyoikata."

Mara ya pili Selina aliandika kinyume. Akakata, akaweka vinili juu ya tambara, nailoni ikiwa juu. Wilhelmina akampa pasi.

"Umezima mvuke? Vizuri. Mvuke unaharibu. Kwanza piga pasi kitambaa chenyewe, unyevu utoke. Sasa weka jina. Funika kwa kitambaa chembamba cha pamba, usiiguse nailoni kwa pasi. Kandamiza."

Selina alianza kuvuta pasi huku na huku.

"Usiivute! Leo hatunyooshi nguo. Weka, kandamiza, hesabu polepole mpaka kumi na tano, nyanyua, hamia pembeni."

Alipomaliza, Selina aliishika nailoni kwa haraka. Herufi Y ikanyanyuka nayo.

"Irudishe," Wilhelmina alisema. Sauti yake haikubadilika. "Kandamiza tena pale pale. Kisha subiri ipoe. Haraka yako ndiyo inayoivuta."

Walisubiri. Nailoni ilitoka yenyewe, taratibu. MAYALA. Herufi sita, zimesimama sawa. Wilhelmina akalivuta tambara kwa nguvu, akalikunja, akalifikicha kwenye ngumi. Hakuna kilichobanduka.

"Usiifue kabla ya siku nzima kupita," alisema. "Ukifua, igeuze ndani nje. Maji yasiwe ya moto. Brashi hapana. Ukipiga pasi, pasi ipite kwa ndani, isikanyage jina. Na hii ni kwa nguo inayovumilia pasi, kama pamba. Nguo inayoyeyuka kwa pasi, kama jaketi la mvua, usijaribu."

"Na zile fulana nyingine zenye stika?" Selina aliuliza.

"Zibandue. Gundi ikibaki kwenye nguo, vinili haitashika vizuri. Paka mafuta ya kupikia kidogo pale penye gundi, sugua kwa kidole, fua kwa sabuni mpaka mafuta yaishe kabisa. Zikauke vizuri."

Alitufungia vipande vya mabaki kwenye gazeti. "Nendeni navyo dukani, mlinganishe," alisema. Kisha akanishika mkono mpaka nje, kwa sababu mlango wake una kizingiti kirefu.

*

Tulikwenda moja kwa moja mjini, kwenye duka linalouza vifaa vya mabango. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu, anaitwa Obedi.

"Karibuni! Mnataka ya tisheti? Ipo. Bluu? Ipo. Hii hapa."

Selina aliigeuza. Nyuma kulikuwa na karatasi nyeupe yenye miraba. Akabandua pembe, akagusa.

"Hii ni stika, kaka."

"Dada, watu wote wananunua hii."

"Labda wanaandika milango ya maduka."

Obedi alijikuna kichwa. "Mimi nimeletewa mzigo tu. Haujaandikwa kitu."

Hakukasirika. Alivuta ngazi, akapanda mpaka rafu ya juu kabisa, akashuka na mzigo mwingine wenye vumbi. Nao ulikuwa wa bluu. Mbele yake kulikuwa na nailoni angavu.

Machibya aliigusa pembe ya nailoni. "Aa, tusipoteze muda," alisema. "Hii nayo inanata."

Jua lilikuwa limeshapita katikati. Jioni ile Modesta angesubiri jibu, na jibu lingekuwa nyeupe tupu.

Selina hakuharakisha. Aliishika pembe ile, akatenganisha nailoni na rangi kwa ukucha. Akaweka kidole chini ya rangi. Kisha akamshika baba yake mkono.

"Weka kidole hapa, baba. Si hapo. Hapa."

Machibya aligusa.

"Haina gundi," alisema.

"Ina gundi, baba. Imelala."

Nimeona watoto wakijibu wazazi wao kwa kiburi. Selina alilisema lile neno kama anampa baba yake kiti.

Selina aliomba kipande kidogo cha kujaribia. Obedi alikikata, kisha akatoka mwenyewe kwenda kuazima pasi kwa fundi wa cherehani aliyekaa barazani. Kipande kilishika kwenye tambara. Tulikivuta, tukakikunja, Machibya akakisugua kwa mate. Kikabaki.

Obedi aliangalia kila hatua. Tulipokuwa tunaondoka, alikuwa ameshachukua kalamu nene. Kwenye mzigo mmoja aliandika YA NGUO. Kwenye mwingine aliandika STIKA.

"Wengine wasije wakapata shida kama yenu," alisema.

*

Jioni ile Selina alisimama mlangoni kwa Modesta.

"Bibi, inawezekana," alisema. "Mwanzo nilikosea kitu cha kutumia. Sasa nimekijua, na nimekijaribu."

Modesta alimtazama usoni kwa muda. "Basi tuanze," alisema. "Nikusaidie nini?"

Yeye ndiye aliyebandua stika zote kwa mkono wake. Alisugua gundi kwa mafuta, akafua, akaanika. Alhamisi mchana fulana zilikuwa zimekauka. Zile herufi za zamani aliziweka kwenye bahasha, sikumuuliza kwa nini.

Machibya alituonyesha kitu ambacho hata Wilhelmina hakukisema. Alikata jina MAYALA kwenye karatasi ngumu, kama anavyofanya kwa mitumbwi. Kisha akaigeuza ile karatasi kifudifudi juu ya vinili, akachora pembeni yake. Jina likawa kinyume bila kufikiri sana, na majina yote kumi na nane yakalingana.

"Baba, wewe fundi," Selina alisema.

"Nyamaza, ukate," alisema Machibya. Lakini niliona amefurahi.

Selina alikata. Modesta alitoa mabaki kwa pini. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu. Kila pasi iliposhuka, nilihesabu moja mpaka kumi na tano, polepole kama ninavyohesabu rozari. Hakuna aliyeniambia nawachelewesha. Fulana ya mwisho ilipoa saa kumi na moja jioni.

Tukasubiri siku nzima.

Ijumaa jioni Modesta alisema, "Sasa nipe beseni."

Alifumba macho, akachomoa fulana moja katikati ya rundo. Ilikuwa ndogo, ya mtoto. Akaigeuza ndani nje, akailoweka. Akafua kama anavyofua siku zote, kwa sabuni ile ile ya mche. Akaikamua. Selina hakuweza kutazama. Aligeukia ukuta, mikono kifuani. Machibya alikuwa amechuchumaa karibu na beseni, anachungulia majini. Maji yalikuwa na povu tupu.

Modesta aliigeuza fulana. Akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, akaenda mbele moja moja, midomo yake inacheza.

"Ziko sita," alisema.

Selina aligeuka. Modesta alikuwa ameikumbatia ile fulana mbichi, maji yanamtiririka kwenye gauni, na hakujali.

*

Jumamosi tulikuwa Magu mapema. Padri alibariki msalaba. Watoto na wajukuu kumi na nane walisimama kuzunguka kaburi, wote wamevaa nyeupe, na jina la bluu kifuani.

Kulikuwa na mjukuu anaitwa Suzana, yuko darasa la kwanza. Wakati wa kuimba alikuwa anaangalia kifua cha kaka yake. Akaweka kidole.

"Ma," alisema. "Ma-ya. Ma-ya-la." Akainua kichwa. "Bibi! Nimesoma! Ni babu!"

Watu waliacha kuimba. Modesta alifunika mdomo kwa kanga. Mwalimu Mayala alifundisha watoto wengi kusoma neno lao la kwanza. Siku ile mjukuu wake alisoma la kwake.

Baada ya chakula, kina mama wa kijiji walimzunguka Selina. Walitaka kujua. Mmoja alisema sare zao za harusi zilibanduka maandishi siku ya kwanza kufuliwa. Selina alitoa kwenye mkoba vile vipande vya Wilhelmina. Akawapa mkononi, akawaambia wavigeuze, wabandue pembe, waguse tumbo la rangi. Hakuharakisha yeyote. Bibi mmoja aliuliza swali lile lile mara tatu, na Selina akamjibu mara tatu, kila mara kama ni ya kwanza. Machibya alisimama nyuma yao.

"Binti yangu huyo," alimwambia mtu aliyekuwa karibu naye. Safari hii alilisema Selina akisikia.

Jua liliposhuka tulianza kuaga. Modesta angebaki Magu, kwenye nyumba ya mume wake, mpaka mpunga uvunwe. Alitusindikiza mpaka barabarani, ameshika mkono wa Selina.

"Kesho wote wataondoka," alisema. "Wana kazi zao, wana shule. Nitabaki na kuku na ile nyumba kubwa." Akaangalia upande wa kaburi, kisha akamrudia Selina. "Njoo tena, mwanangu. Usije na pasi. Usije na kazi ya mtu. Mlete bibi yako, mkae siku mbili, tupike, tuongee. Mtakuja?"